Mifumo ya afya isemezane: funzo la Beni na Butembo



Siku hizi mama akimpeleka mtoto kwenye kituo cha afya, iwe Katwa, iwe Oicha, iwe Mutwanga, anaulizwa jina la mtoto, umri wake na mtaa anaokaa. Akitumwa hospitali kuu anaulizwa tena. Akifika maabara anaulizwa tena. Siku ya chanjo anaulizwa mara ya nne. Wengi wetu hufikiri kwamba wauguzi ni wavivu wa kutafuta fishi. Lakini muuguzi naye amechoka, maana mambo yale yale anayaandika katika rejista ya kituo, kisha katika karatasi ya mradi mmoja, kisha katika tableti ya mradi mwingine.

Kompyuta na tableti zimefika kwetu, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo. Hata hivyo, kuwa na kompyuta nyingi ni jambo moja, na kompyuta hizo kusemezana ni jambo lingine. Katika makala hii tunataka kueleza maana ya mifumo kusemezana, kwa nini katika Beni na Butembo jambo hili limegusa uhai wa watu, na sisi wa makanisa tunaweza kufanya nini. Mtu asiogope kwamba haya ni mambo ya mafundi tu. Sehemu kubwa ni mambo ya mapatano kati ya watu, na hapo kanisa lina la kusema.

Orodha sita za mtu mmoja

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imetokea Mangina, katika zoni ya afya ya Mabalako, karibu na Beni. Ugonjwa ukaenea Beni, Kalunguta, Katwa na Butembo, ukavuka hadi Ituri, na mwaka 2019 ukafika Goma na Kivu ya Kusini. Ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 3,470, na kati yao 2,287 walikuwa wamekufa. Makanisa yetu mengi yalizika watu katika miezi hiyo, tena bila kuwagusa.

Tufikirie njia ya habari za mtu mmoja wakati ule. Tuseme anaitwa Kambale. Ndugu yake akapatwa na Ebola, basi Kambale akaandikwa katika orodha ya watu waliomgusa mgonjwa, ili afuatiliwe kwa siku 21. Akapewa chanjo, akaandikwa katika orodha ya waliochanjwa. Akapata homa, akaandikwa katika orodha ya wanaoshukiwa. Damu yake ikapelekwa maabara, na huko kuna orodha ya nne. Akalazwa katika kituo cha matibabu, ambacho kina fishi zake chenyewe, orodha ya tano. Na kama aliaga dunia, timu ya mazishi ilikuwa na orodha ya sita.

Orodha hizo zilishikwa na watu mbalimbali, wa wizara na wa mashirika mbalimbali, kila moja kwa namna yake: nyingine karatasi, nyingine jedwali la kompyuta, nyingine programu ya simu. Ili kujua kwamba Kambale wa maabara ndiye Kambale wa chanjo, mtu alipaswa kukaa na kulinganisha mistari kwa macho.

Hapo ndipo majina yetu yanapoleta ugumu ambao mtu wa mbali hawezi kuuwaza. Kwetu Wayira, yaani Wanande, majina hufuata mpangilio wa kuzaliwa. Mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, wa nne ni Kakule. Ni desturi nzuri, maana ukimsikia mtu jina lake unajua nafasi yake nyumbani. Lakini maana yake ni kwamba katika kartie moja Kambale wamejaa. Muhindo anaweza kuwa mvulana au msichana. Katembo mmoja anaandikwa Katembo hapa na Kathembo kule. Jina la ubatizo mara linatangulia, mara linakuja mwisho, mara linafupishwa kuwa herufi mbili. Anwani ni "karibu na kanisa", na makanisa ni mengi. Umri ni wa kukadiria. Tena wengi wetu kitambulisho chetu ni kadi ya mpiga kura, ambayo mtoto hana.

Kutoka Beni hadi Butembo ni kilomita kama 54. Mfanyabiashara anaweza kwenda na kurudi siku moja. Mtu aliyeandikwa Beni kuwa ni wa kufuatiliwa akipanda gari na kupata homa Butembo, anayempokea Butembo anamwona kama mtu mwenye malaria, isipokuwa orodha ya Beni imemtangulia. Sababu za watu kupotea katika ufuatiliaji zilikuwa nyingi: vita, hofu, kukimbia, kujificha. Lakini hata yule ambaye hakujificha aliweza kupotea kati ya orodha mbili.

Katika Waamuzi 12 tunasoma habari za Wagileadi waliokaa kwenye vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno Shibolethi, na aliyeshindwa kutamka sauti moja tu aliuawa. Waefraimu 42,000 walianguka wakati huo. Kompyuta ina ukali wa walinzi wale. Sisi tukiona Katembo na Kathembo tunajua ni mtu mmoja, hasa tukijua na mama yake. Kompyuta, isipofundishwa, inaona watu wawili. Haina chuki wala haina huruma, inafuata herufi.

Mambo manne ya kupatana

Mifumo miwili inasemezana pale ambapo mmoja unaweza kumpelekea mwingine habari, na yule anayepokea akaielewa na kuitumia bila mtu kuiandika upya. Ili jambo hilo liwezekane, mambo manne yanahitaji kupatanwa.

La kwanza ni njia. Lazima kuwe na umeme, mtandao na simu inayofanya kazi. Kwetu njia hukatika mara kwa mara, kwa hiyo programu nzuri kwa mazingira yetu ni ile inayokubali kuandikwa bila mtandao, ikahifadhi habari, na kuzituma mtandao unaporudi. Wengi wanadhani shida yote iko hapa. Kumbe njia ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, maana inanunuliwa kwa pesa.

La pili ni umbo la habari. Chukua tarehe 03/04/2019. Kwetu, tuliofundishwa kwa Kifaransa, hiyo ni tarehe 3 Aprili. Kwa programu iliyotengenezwa kwa desturi ya Marekani, ni tarehe 4 Machi. Sasa hesabu siku 21 za mtu aliyemgusa mgonjwa. Kwa kweli anapaswa kufuatiliwa hadi tarehe 24 Aprili. Programu iliyosoma vibaya itasema muda wake ulikwisha tarehe 25 Machi, na jina lake litaondoka katika orodha ya wanaotembelewa, siku zile zile anazoweza kuanza kuugua. Namba mbili zimebadilishana nafasi, na nyumba nzima iko hatarini.

La tatu ni maana. Kituo kimoja kikiandika "malaria" kwa kila mwenye homa, na kingine kikiandika "malaria" kwa aliyepimwa damu tu, hesabu zao haziwezi kujumlishwa. Neno "mtoto" ni chini ya miaka 5 katika fomu moja na chini ya miaka 15 katika nyingine. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lina orodha ya kimataifa ya magonjwa, ambayo waganga wetu wanaijua kwa jina la CIM. Kila ugonjwa una alama yake, na alama hiyo ni moja Kinshasa, Kampala na Oslo. Toleo la 11 la orodha hiyo lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022.

La nne ni mapatano yenyewe. Nani anatoa habari, nani anaziona, nani anazirekebisha zikikosewa, na nani analipa gharama? Hapa ndipo miradi mingi inakwama. Mfano tunaoweza kuuelewa upesi ni pesa za simu. Tanzania, makampuni ya simu yalikuwa na huduma za pesa kwa miaka, na mitambo yao iliweza kuunganishwa. Lakini ilikuwa mwaka 2014 ndipo Tigo, Airtel na Zantel walipopatana ili mteja wa mmoja aweze kutuma moja kwa moja kwa mteja wa mwingine, na Vodacom akaingia mwaka 2016. Kenya, M-Pesa ilianza mwaka 2007, lakini kutuma namna hiyo kutoka kampuni moja hadi nyingine kulifunguliwa mwaka 2018. Kilichokawia hakikuwa nyaya. Washindani walipaswa kukaa meza moja.

Kwa nini kunahitajika lugha ya pamoja

Mafundi huweka katika programu mlango maalum, ambao wao huuita API. Programu nyingine inabisha hapo, inajitambulisha, inaomba habari iliyoruhusiwa, na inapewa hiyo tu. Ni kama dirisha la karani: huingii ofisini na kufungua makabati, unapewa ulichokuja kuchukua.

Lakini milango peke yake haitoshi. Tuseme tuna zile orodha sita za Kambale, kila moja na lugha yake. Ili kila moja isemezane na kila nyingine moja kwa moja, tunahitaji madaraja 15. Ikiongezeka ya saba, madaraja yanakuwa 21. Ila kama zote zinakubali lugha moja ya pamoja, kila mfumo unajifunza lugha hiyo tu, na madaraja ni sita.

Sisi watu wa Beni tunalijua jambo hilo bila kwenda shuleni. Katika soko lile lile wanakutana Wanande, Wambuba, Wapakombe, Walese, Watalinga na Wabambuti. Muuza ndizi hakujifunza lugha zote hizo. Wote wanakutana katika Kiswahili, na jioni kila mtu anarudi nyumbani na lugha ya mama yake. Kiswahili hakikufuta Kinande. Vivyo hivyo, lugha ya pamoja ya mifumo ya afya haiwalazimishi wote watumie programu moja. Hospitali inaweza kubaki na yake, maabara na yake, mradi wa chanjo na wake, mradi tu kila mmoja aweze kusema lugha ya soko. Katika afya, lugha inayotumiwa zaidi leo kwa kazi hiyo inaitwa FHIR, nayo imetungwa na shirika la HL7, lililoanzishwa mwaka 1987 kwa ajili ya kazi hiyo hasa.

Programu iliyozaliwa katika nchi iliyogawanyika

Programu ambayo wizara yetu ya afya inatumia kukusanya hesabu za nchi nzima inaitwa DHIS2. Mwanzo wake unafaa kujulikana na watu wa kanisa. Utawala wa ubaguzi wa rangi ulipoanguka Afrika ya Kusini mwaka 1994, nchi ile ilirithi idara nyingi za afya zilizotengwa kwa rangi na kwa maeneo, kila moja na fomu zake. Hakuna aliyeweza kusema watoto wangapi wa nchi nzima wamechanjwa. Watu wa vyuo vikuu vya Cape Town na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, wakaanza kazi ya kupata hesabu moja. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kukaa na wauguzi na kupatana juu ya mambo machache ambayo kila kituo kitahesabu kwa namna moja. Programu ilikuja kuwahudumia baadaye. Mwaka 2011 Kenya iliieneza nchi nzima, na leo inatumika katika nchi nyingi za Afrika na Asia.

Kwetu, muuguzi wa kituo anajaza ripoti ya mwezi kwenye karatasi, ripoti inapanda pikipiki hadi ofisi kuu ya zoni, na huko inaingizwa katika DHIS2. Tangu hapo jimbo na Kinshasa wanaweza kuiona. Ni hatua kubwa. Lakini tuelewe mpaka wake. Ripoti ya mwezi inasema kwamba wagonjwa wa surua walikuwa 14. Haisemi ni akina nani. Inamsaidia anayepanga dawa za jimbo, lakini haimsaidii daktari anayetaka kujua kama mtoto aliye mbele yake ameshapata chanjo. Kwa hilo inahitajika fishi ya mtu mwenyewe, na fishi hiyo inahitaji namba moja inayomfuata kila aendako. Ndiyo maana tunasema namba moja ya mgonjwa ina thamani kuliko tableti kumi mpya.

Zoni ya afya yenyewe ni mapatano

Wengine watauliza: kanisa linahusika vipi na programu? Tukumbuke historia yetu. Hospitali ya Katwa ni ya CBCA. Hospitali ya Oicha, iliyojengwa na daktari mmisionari Carl Becker, ni ya CECA 20. Kituo cha matibabu cha Nyankunde ni kazi ya jumuiya kadhaa za Kiprotestanti kwa pamoja. Wakatoliki wana zao, serikali ina zake, watu binafsi wana zao.

Mwaka 1981 mradi wa SANRU ulianza, kwa ushirikiano wa serikali yetu, Kanisa la Kristo katika Kongo na Marekani, ili kujenga afya ya vijijini. Katika miaka hiyo ndipo nchi iligawanywa katika zoni za afya. Zoni ni kusema hivi: hospitali ya misioni na zahanati ya serikali, ingawa wenyewe ni tofauti, watahudumia watu wa eneo moja, watatumiana wagonjwa, na watatoa ripoti kwa fomu moja. Hakuna aliyelazimishwa kuacha jina lake wala imani yake. Kabla kompyuta haijafika Butembo, wazee wetu walikuwa wamekwisha kufanya mifumo tofauti isemezane, kwa kalamu na karatasi ya kaboni. Tusiwe sisi wa kuibomoa kazi hiyo kwa kupokea kila mradi unaokuja na fomu zake.

Karatasi haikimbii

Mwezi wa Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa, watu wengi waliuawa, hospitali ikaporwa na kuharibiwa. Waliobaki walikimbia kwa miguu kuelekea Oicha na Beni, na huduma ikaanza upya Beni. Tangu wakati ule, katika eneo la Beni na sasa katika Lubero, familia nyingi zimekimbia mara mbili, mara tatu. Mtu anakimbia na mtoto mgongoni na godoro kichwani. Fishi yake inabaki katika kabati ya kituo ambacho pengine kimechomwa.

Fikirini mama anayekunywa dawa za kila siku za kifua kikuu au za virusi vya ukimwi. Matibabu yake hayawezi kusubiri vita iishe. Afikapo Butembo, kama mfumo wa pale hausemezani na ule wa alikotoka, anaanza kama mgeni: apimwe upya, aeleze upya, na akiona aibu kueleza, anyamaze. Kunyamaza huko kunaweza kumuua.

Mifumo inapaswa kusemezana hata katika wakati, si katika nafasi tu. Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ilitangazwa tena Butembo. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mke wa mtu aliyepona katika mlipuko uliotangulia. Wataalamu walipochunguza kirusi na kukilinganisha na vile vilivyohifadhiwa, waliona kwamba kinatokana na mlipuko wa 2018 hadi 2020. Hakikutoka upya kwa wanyama wa msituni. Mlipuko huo ulihesabu wagonjwa 12, sita wakafa, ukatangazwa kuwa umekwisha tarehe 3 Mei 2021. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule ukatokea mwingine Beni, wagonjwa 11, tisa wakafa, nao ulihusiana na ule wa kwanza. Bila kumbukumbu za miaka iliyotangulia zinazoweza kusomeka na kulinganishwa, tungeendelea kutafuta chanzo msituni huku waliopona, ambao ni zaidi ya elfu moja, wakikosa ufuatiliaji wanaouhitaji. Mradi ukifunga ofisi na kuondoka na habari katika kompyuta zake, unaondoka na ukumbusho wa mji.

Si kila habari ni ya kila mtu

Sasa tuseme neno gumu. Katika siku za Riposte, watu wengi kwetu waliogopa kuandikwa. Walijiuliza orodha inakwenda wapi na nani analipwa kwa jina lao. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko kutoka Kameruni aliuawa hapa Butembo akiwa kazini. Hakuna sababu inayohalalisha damu hiyo. Lakini ni lazima tujue kwamba mahali ambapo hakuna kuaminiana, kuunganisha mifumo kunaweza kuonekana kama mtego.

Kwa hiyo, mifumo kusemezana haina maana ya kila mtu kuona kila kitu. Matokeo ya maabara yamwendee mganga anayemtibu mtu. Hesabu bila majina iende zoni na jimbo. Na kwa mchungaji, isiende hata moja, isipokuwa mgonjwa mwenyewe amekuja kumweleza. Tunasema hivi kwa wenzetu wachungaji na wazee wa kanisa: muuguzi akiwa mshirika wa kwaya yetu, bado hatuna haki ya kumwuliza nani amepimwa nini. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina sheria ya mambo ya kidijiti, inayolinda habari za mtu binafsi. Lakini hata kabla ya sheria, siri ya mgonjwa ilikuwa amana.

Tunaweza kufanya nini?

Kwa wanaosimamia hospitali na vituo vya makanisa yetu: mhisani akileta programu mpya, mpokeeni kwa heshima, na kabla ya kutia sahihi mwulizeni mambo matano. Je, programu hii inatumia majina na namba za vituo zilizo katika orodha ya wizara? Je, itapeleka hesabu katika DHIS2 yenyewe, au muuguzi wetu ataandika mara mbili? Umeme na mtandao vikikatika, inafanya nini? Nani ataona majina ya wagonjwa? Na mradi ukiisha, habari zitabaki wapi, katika umbo ambalo wengine wanaweza kulifungua? Mhisani mwema hatakasirika kwa maswali hayo. Asiyeweza kuyajibu, mwombeni arudi akiwa na majibu, naye mganga mkuu wa zoni ahusishwe tangu siku ya kwanza.

Kwa wale walio katika kamati za afya za mitaa yetu na kwa reko wanaopita nyumba kwa nyumba: simamieni jambo moja, kwamba mtu mmoja apewe namba moja, na namba hiyo iandikwe kwenye kila karatasi yake, ya maabara, ya chanjo na ya rufaa. Hata kalamu tu inaweza kufanya hivyo leo. Kompyuta itakayokuja kesho itakuta kazi imekwisha kuanza.

Kwa familia: chagueni namna moja ya kuandika jina la mtoto na msiibadilishe. Andikisheni mtoto katika ofisi ya raia. Sheria inatoa siku 90 tangu kuzaliwa, bila malipo. Tunzeni kadi ya chanjo pamoja na vitu ambavyo mngevichukua kwanza mkikimbia. Mwenye simu ya picha aipige picha kadi hiyo.

Na kwetu wachungaji: siku ya kubariki watoto tunaandika majina katika kitabu cha kanisa. Tuombe cheti cha kuzaliwa, na tuandike jina kama lilivyo pale, herufi kwa herufi. Kama hakuna cheti, tumsaidie mzazi akipate kabla siku 90 hazijapita. Ni kazi ndogo, lakini kitabu chetu kikiandika Kathembo na cheti kikiandika Katembo, sisi nasi tumeongeza mtu asiyekuwepo na kumpoteza aliyepo.

Mafundi wanaweza kujenga mlango kati ya mfumo na mfumo kwa wiki chache. Kupatana juu ya namba moja, maana moja na siri moja kunachukua muda zaidi, na kunawahitaji watu wanaoaminiwa na pande zote. Katika Beni na Butembo, baada ya yote tuliyoyapitia, watu hao bado wako makanisani. Tusikatae kuitwa mezani. Na kama hatujaitwa, twende tukabishe.

Bwana awabariki, na azidi kuwatia nguvu wauguzi wetu katika kazi yao.